Jinsi ya Kuchunguza Anuwai ya Wadudu Wanaofuata Taa Katika Mashamba ya Mpunga: Mwongozo kwa Bonde la Kilombero

Katika Bonde la Kilombero, kati ya milima ya Udzungwa na miinuko ya Mahenge, mpunga hupandwa mvua zinaposhika kuanzia Desemba na kuvunwa kati ya Mei na Julai. Taa moja ikiwashwa ukingoni mwa jaruba baada ya magharibi huleta viumbe ambao hata mkulima aliyelima hapo miaka yote huenda hajawahi kuwatazama kwa karibu: nondo wa rangi ya majani makavu, mbawakawa wa majini, kunguni wa majini, usubi usiohesabika, chenene, nyigu wembamba, na mbu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwanasa, kuwatenganisha, kuwahesabu na kupima anuwai yao. Nimemkusudia mwanafunzi, afisa ugani na mkulima mwenye ari ya kulijua shamba lake, na unaweza kutumika vilevile Mbarali, Moshi Chini au Mwea kwa mabadiliko madogo ya kalenda.

Jambo moja naomba lishikwe tangu mwanzo: kinachoingia mtegoni kihesabiwe chote. Desturi ya kuchambua bungua wa mpunga (nondo ambao viwavi wao hutoboa mashina) peke yao na kuwamwaga wengine imetuachia rekodi nyingi zinazomwonyesha mkulima maadui watupu, na mkulima anayeonyeshwa maadui watupu hukimbilia dawa. Mara nyingi sehemu kubwa ya wadudu wanaofuata taa shambani hawali mpunga kabisa, na baadhi yao ndio wanaoulinda.

Kwanza, elewa taa inafanya nini

Watu wengi hudhani mdudu huvutwa na taa kutoka mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 na Samuel Fabian wa Imperial College London pamoja na wenzake ulionyesha, kwa kamera za kasi kubwa, kwamba wadudu warukao huelekeza mgongo kwenye upande wenye mwanga zaidi. Kwa maumbile, upande huo usiku ni anga, hivyo tabia hiyo huwasaidia kuruka wakiwa wamesimama sawa. Wanapopita karibu na taa, mgongo hugeukia taa, njia yao hupinda, na hubaki wakizunguka bila kuweza kutoka. Kwa mchunguzi maana yake ni kwamba mtego hunasa hasa wanaopita jirani, na kwamba idadi iliyonaswa inategemea waliokuwa wakiruka usiku huo na namna mwanga wako ulivyo. Mtego wa taa ni kipimo cha kulinganisha. Hauwezi kukuambia ekari moja ina wadudu wangapi, lakini ukiuweka kwa namna ileile kila mara utakuambia kwa uaminifu kilichobadilika.

Vilevile wapo wadudu muhimu wa mpunga ambao hupaswi kuutegemea mtego huu kukuonyesha. Mbawakawa mdogo mwenye miiba, Trichispa sericea, ambaye hueneza virusi vya ugonjwa wa manjano wa mpunga uliogunduliwa kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966, hufanya shughuli zake mchana. Ndivyo walivyo pia nzi wa jamii ya Diopsis, wale wenye macho yaliyo kwenye ncha za vijiti, ambao mabuu wao huua chipukizi la katikati la mpunga mchanga. Kwa hao tumia wavu wa kufagia asubuhi, umande ukishakauka. Ukikosa kuwaona kwenye taa usiandike kwamba shamba halina.

Hatua ya kwanza: eneo na ruhusa

Chagua shamba ambalo utaweza kurudi msimu mzima. Mtego ukae kwenye tuta la jaruba, mbali na taa za nyumba, mashine za kukoboa na barabara, kwa sababu taa nyingine yoyote inayoonekana hapo itagawana wadudu na yako. Ukiwa na mitego miwili au zaidi, ihakikishwe kuwa haionani.

Mwombe ruhusa mwenye shamba, kisha uijulishe serikali ya kijiji na viongozi wa skimu, kwa kuwa mwanga wa zambarau katikati ya mashamba usiku wa manane huleta taharuki isiyo ya lazima. Anayefanya utafiti rasmi Tanzania anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Kenya kibali cha NACOSTI, tume ya huko yenye kazi kama hiyo.

Hatua ya pili: chagua usiku kwa kuangalia mwezi

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria hupumzisha mitumbwi siku za mbalamwezi, kwa kuwa taa zao hushindwa nguvu na mwanga wa mwezi. Mtego wa wadudu hufuata kanuni hiyohiyo: karibu na mwezi mpevu idadi hupungua sana hata kama shamba limejaa wadudu. Fanya kazi kati ya siku tano kabla ya mwezi mwandamo na siku tano baada yake. Mzunguko wa mwezi ni takriban siku 29.5, kwa hiyo ukipanga usiku kadhaa katika kila kipindi cha giza utapata vipindi sita hivi kuanzia kitalu mpaka mavuno, na hivyo kupita katika hatua zote za mpunga: miche, kupandikizwa, kuchipua machipukizi, kubeba mimba, kuchanua na kukomaa. Ongeza kipindi kimoja baada ya mavuno, mashamba yakiwa mabua matupu, maana wengi hukisahau na ndicho kinachoonyesha nani anabaki.

Usiku mzuri ni wa joto, wenye unyevu, mawingu na upepo mdogo. Hata hivyo usiukwepe usiku mbaya ikiwa ulishaupangia tarehe, kwa sababu ukichagua usiku mzuri tu, takwimu zako zitaeleza uchaguzi wako badala ya shamba. Andika hali ya hewa na uendelee.

Hatua ya tatu: vifaa

Taa ndiyo moyo wa kazi. Balbu za LED za mwanga wa urujuanimno, wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 365, hufanya vizuri, hutumia umeme mdogo na huendeshwa na betri ya volti 12 iliyochajiwa kwa sola. LED nyeupe za kawaida hutoa urujuanimno kidogo mno au hazitoi kabisa, na huleta wadudu wachache. Karabai bado inafanya kazi, lakini mwanga wake hufifia kadiri presha inavyoshuka, na chombo kisichotoa mwanga uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho hakifai kwa kulinganisha. Ukishachagua taa usiibadilishe katikati ya msimu. Ikiungua, weka nyingine ya aina na wati zilezile. Na usiikodolee macho taa ya urujuanimno. Vaa miwani inayozuia miale hiyo.

Kwa kuangalia kwa mkono, tundika shuka jeupe la pamba kati ya nguzo mbili, kubwa kiasi cha mita mbili kwa moja na nusu, na upindo wake wa chini utandazwe juu ya turubai ili wanaoanguka waonekane. Taa ining'inie mbele ya shuka, juu kidogo ya usawa wa mpunga. Ukiweza, weka na mtego wa ndoo utakaokaa usiku kucha: ndoo ya lita 20, faneli mdomoni, taa juu ya faneli, na vipande vitatu vya plastiki ngumu vilivyosimamishwa kuizunguka taa ili wadudu wavigonge na kudondoka. Toboa chini ya ndoo matundu madogo ya kutoa maji ya mvua na uyazibe kwa chandarua. Ndani panga trei za mayai za karatasi. Nondo huingia katika vishimo vyake na kutulia humo mpaka asubuhi, na mabawa yao yanabaki na unga wake. Beseni la maji yenye sabuni ni rahisi zaidi na linafaa kwa mbawakawa na kunguni, ila huwaharibu nondo kiasi cha kutotambulika.

Beba pia ethanoli ya asilimia 70 katika vichupa, brashi laini, kibano, lenzi ya mkono, tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu, kipimajoto, daftari na penseli. Lebo za ndani ya ethanoli ziandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka na kukuachia karatasi tupu.

Hatua ya nne: usalama wako

Hapa sitafupisha. Mashamba ya mpunga ni mazalia ya Anopheles arabiensis, mbu anayeeneza malaria, na saa zako za kazi ndizo saa zake. Vaa mikono mirefu, soksi, na ujipake dawa ya kufukuza mbu. Vaa mabuti ya mpira, kwa ajili ya nyoka na kwa sababu maji ya majaruba yanaweza kuwa na kichocho. Katika sehemu za bonde zilizo karibu na mto, viboko hutoka usiku kula majani na mpunga. Uliza wenyeji njia zao, usitegeshe hapo, na usifanye kazi peke yako.

Kuna mdudu mmoja ambaye kila msaidizi lazima aonyeshwe kabla taa haijawashwa. Ni Paederus, ambaye Kenya wanamwita Nairobi fly: mbawakawa mwembamba wa chini ya sentimita moja, mwenye kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, mabawa mafupi ya buluu iliyoiva na tumbo la chungwa lenye ncha nyeusi. Hutembea haraka akiwa ameinua tumbo. Hang'ati wala hachomi, lakini damu yake ina sumu iitwayo pederini, na akipondwa kwenye ngozi hutokea vidonda vya kuungua baada ya siku moja au mbili. Akitua mwilini mpulize au mpe karatasi apande. Akipondeka, osha mahali hapo kwa sabuni mara moja na usiguse macho. Pamoja na hayo yote ni mwindaji wa wadudu wadogo wa mpunga, hivyo mhesabu kwa heshima yake.

Hatua ya tano: kazi ya usiku

Mwezi wa Machi jua la Ifakara huzama karibu saa 12:45 jioni. Kila kitu kiwe tayari kufikia saa 12, na taa iwashwe saa 1 kamili usiku. Fanya kazi kwenye shuka mpaka saa 4, ukiigawa kazi katika vipindi vya nusu saa, kila kipindi na chupa yake na lebo yake. Mgawanyo huu una thamani kubwa, kwa kuwa makundi hayaji pamoja. Wengi wa wadudu wa majini hufika mapema, giza likiwa linaingia, ilhali baadhi ya nondo huja usiku ukiwa umekwenda. Aliyekusanya wote katika chupa moja hawezi tena kulijua hilo.

Kila mwanzo wa kipindi andika joto, upepo, mawingu, mvua na kimo cha maji jarubani. Lebo iwe na jina la mahali, viwianishi vya GPS, tarehe yenye mwezi ulioandikwa kwa maneno, saa, aina ya taa, hatua ya mpunga na jina la mkusanyaji. Andika lebo palepale shukani. Usijiahidi kuiandika nyumbani.

Usisahau kutazama. Wapo wadudu wa oda (yaani kundi kubwa) ya Ephemeroptera ambao hutua wakiwa na mabawa yaliyosimama wima na mikia miwili au mitatu, mabawa yenyewe yakiwa yamefifia kama yenye ukungu. Ukikaa nao karibu utaona ngozi ikipasuka mgongoni na mdudu akijivua mzima, mabawa na mikia pamoja, kisha akaruka akiwa na mabawa maangavu na kuliacha ganda lake limeshika shuka. Hakuna kundi jingine la wadudu linalojivua ngozi likiwa tayari lina mabawa ya kurukia. Maganda hayo usiyahesabu kama wadudu.

Hatua ya sita: kuchambua na kutambua

Anza na oda, kisha familia, kisha aina. Kwa mchunguzi asiye na mtaalamu karibu, inatosha kutenganisha kwa umbo: kila kinachoonekana tofauti kipewe namba, kipigwe picha, na kielelezo chake kitunzwe. Cha msingi ni kwamba namba ileile imaanishe umbo lilelile msimu mzima.

Nondo wa bungua wa jamii ya Chilo ni wa rangi ya majani makavu, na mbele ya kichwa wana vipapasio vya mdomo vilivyochongoka kwenda mbele, dalili inayoonekana vizuri kwa lenzi. Maliarpha separatella, bungua mweupe wa Afrika, ni wa rangi ya maziwa. Sesamia calamistis ni mnene zaidi na mwenye manyoya kifuani. Hawa ndio ambao viwavi wao, hasa wa Chilo na Sesamia, husababisha moyo mkavu, yaani kukauka kwa chipukizi la katikati, kwenye mpunga mchanga na masuke meupe yasiyo na punje baadaye. Usiwachanganye na wadudu wa oda ya Trichoptera, ambao mabuu wao huishi majini: hao hukunja mabawa kama paa la nyumba, mabawa yana vinyweleo badala ya unga, na hawana mrija wa kunyonyea uliojikunja chini ya kichwa.

Miongoni mwa wafyonzaji utakuta Cofana spectra, mweupe kabisa, na Nephotettix wa kijani wenye ncha nyeusi za mabawa, wote wakiruka kwa kuchupa ukiwasogelea. Kunguni wa majini ni wengi, kuanzia Corixidae wadogo wanaodondokea turubai kwa makundi mpaka Lethocerus, mkubwa wa sentimita kadhaa, ambaye hung'ata kwa maumivu makali. Mbawakawa wa majini ni wa familia mbili kuu: Dytiscidae, ambao ni wawindaji, na Hydrophilidae, ambao wengi wao wakishakomaa hula mimea na mabaki. Njia nyepesi ya kuwatenganisha ni vipapasio: vya Dytiscidae ni virefu na vyembamba kama uzi, vya Hydrophilidae ni vifupi vyenye kirungu, na mara nyingi hufichwa chini ya kichwa.

Kisha kuna usubi wasiouma wa familia ya Chironomidae, wanaofanana na mbu lakini hawana mrija wa kunyonya damu. Wengi huchoka hapa, wakaandika "wengi" na kuendelea. Usifanye hivyo. Watandaze kwenye sinia lenye miraba sawa, hesabu robo ya miraba iliyochaguliwa kwa kura, zidisha kwa nne, na uandike kwamba ni makadirio. Mabuu wao hula mabaki kwenye tope la jaruba lililojazwa maji karibuni, nao wakitoka huwa chakula cha buibui na wawindaji wengine kabla wadudu waharibifu hawajaongezeka. Utafiti uliofanyika Java, Indonesia, na kuchapishwa na William Settle na wenzake mwaka 1996 ulithibitisha mnyororo huu katika mpunga: wawindaji hujengeka mapema kwa kula wadudu wasio na madhara, na dawa inayopulizwa mapema huuvunja mnyororo huo na kuwaachia waharibifu uwanja. Indonesia ilikuwa imeshapiga marufuku viuatilifu 57 kwenye mpunga mwaka 1986, baada ya milipuko ya kinyonya-utomvu wa kahawia iliyochochewa na dawa zenyewe.

Nyigu wadogo wa Ichneumonidae na Braconidae, ambao mabuu wao huishi ndani ya viwavi wa bungua, huja taani kwa idadi ndogo. Idadi ndogo isikufanye uwadharau.

Hatua ya saba: kukokotoa anuwai

Hesabu ya aina peke yake haitoshi. Kipimo cha Shannon huzingatia pia jinsi wadudu walivyogawanyika katika aina hizo. Kwa kila aina, gawanya idadi yake kwa jumla ya wote. Zidisha jibu hilo kwa logariti yake asilia. Jumlisha majibu ya aina zote. Kisha ondoa alama ya hasi.

Chukua mfano wa kujifunzia tu. Usiku wa kwanza una aina nne zenye wadudu 50, 30, 15 na 5. Shannon yake ni takriban 1.14. Usiku wa pili una aina nne vilevile, zenye wadudu 97, 1, 1 na 1, na Shannon yake ni takriban 0.17. Ukivirudisha kwa kipeo cha e, ambayo ndiyo msingi wa logariti asilia, usiku wa kwanza ni sawa na kuwa na aina 3.1 zenye idadi sawa, na wa pili aina 1.2. Idadi ya aina ni ileile, ila jumuiya za wadudu hao hazifanani hata kidogo.

Usilinganishe idadi ya aina za usiku uliopata wadudu 200 na za usiku uliopata 5,000, kwa maana kadiri wadudu wanavyoongezeka ndivyo aina mpya zinavyojitokeza. Zishushe zote kwenye kiwango kimoja cha idadi, yaani kadiria kila usiku ungekuwa na aina ngapi kama ungepata idadi ileile ya wadudu. Programu ya PAST, ambayo hailipiwi, hufanya kazi hiyo na kukokotoa Shannon pia. Usiku wa kumbikumbi baada ya mvua za kwanza ushughulikiwe kwa tahadhari: maelfu yao watashusha kipimo ghafla, ingawa shamba halijapoteza chochote. Kokotoa mara mbili, pamoja nao na bila wao, na utoe majibu yote mawili.

Baada ya hapo wagawe wadudu kwa kazi zao: wanaokula mpunga, wawindaji na vimelea wa hao wanaokula mpunga, wanaokula mabaki, na wa majini wasiohusiana na mpunga moja kwa moja. Chora kila kundi dhidi ya hatua za mpunga. Mchoro huo ndio wa kumpelekea mkulima, kwa kuwa unamwonyesha ni wiki gani nondo wa bungua walianza kuruka na kama wawindaji walikuwa wameshatangulia. Kabla ya kushauri dawa yoyote, linganisha na hesabu ya mioyo mikavu shambani mchana.

Hatua ya nane: kuhifadhi

Mbawakawa wakubwa na nondo hukaushwa na kubandikwa kwa pini. Wengine wabaki kwenye ethanoli, ambayo ibadilishwe baada ya siku ya kwanza kwa sababu maji ya miili yao huipunguza nguvu. Wasiohitajika kwa vielelezo waachiwe asubuhi mbali na mtego, kwenye majani mazito, kabla ndege hawajaizoea sehemu hiyo. Vielelezo vya kila umbo vipelekwe chuo kikuu chenye idara ya zoolojia au makumbusho yenye mkusanyiko wa wadudu, kama Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, vikiwa na lebo zake zote. Nakala ya takwimu ghafi, yaani idadi ya kila umbo kwa kila nusu saa, ibaki kwa afisa ugani wa kata, ili atakayetega taa hapo miaka kumi ijayo aikute.